Ama Redio, Ama Mimi

Anayeshinda na watoto wa chekechea harudi nyumbani na masikio mazima. Viti vinaburuzwa sakafuni, vikombe vinagongwa mezani, huyu analia, yule anamjibu kwa kupuliza kifuniko cha kalamu kama filimbi. Jioni huwa sitaki chakula wala maongezi. Nataka kimya, na ikibidi sauti, basi mvua juu ya bati. Hiyo mimi na mume wangu tuliipenda tangu tuoane. Ikianza tulikuwa tunaacha hata ugomvi.

Lakini mume wangu alikuwa na redio. Ilikoroma, ikakwaruza, ikabweka hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Nikimwambia apunguze, anatabasamu tu. Sikio la kufa halisikii dawa, nikawa najisemea, nikipita na ndoo kwa hasira.

Yeye anaendesha mashine ya kusaga nafaka. Pale watu husemezana kwa vidole, maana ngurumo haimpi mtu nafasi. Wenzake hutega sikio kujua kama nafaka imekwisha ndani. Yeye huweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, basi anajua. Wateja humsifia mkono huo, nami nilikuwa najivunia.

Juzi uvumilivu ukaniishia. Nilifungasha nguo kwenye mkoba, nikasimama mbele yake.

"Baba Watoto, chagua. Ama redio, ama mimi. Nikiisikia kesho, nakwenda kwa dada."

Alinikazia macho mdomoni, kisha akasema polepole, "Nimeelewa, mama."

Jana niliporudi, nyumba ilikuwa imetulia. Yeye alikuwa mezani, redio mbele yake taa yake inawaka, anatikisa kichwa kama mtu anayefuata habari. Niliteleka chai, nikasikiliza birika likianza kuvuma, nikamshukuru Mungu. Sikuwa nimejua nimechoka kiasi kile.

"Wanasema nini leo?" nikamuuliza nikiwa nyuma yake.

Hakujibu. Nikauliza tena, kwa nguvu. Akaendelea kutikisa kichwa. Nikainama, nikaisogezea redio sikio langu: hakuna hata mchakacho. Alikuwa ameipunguza mpaka mwisho, akakaa nayo hivyo hivyo, ili nisiondoke.

Nikazunguka, nikakaa mbele yake.

"Tangu lini?"

Akanisoma mdomo. "Muda sasa. Kazini hakuna anayesikia, kwa hiyo hakuna aliyegundua."

"Na mimi je? Mimi ni mteja?"

"Wewe unarudi umechoka, mama. Nikuongezee na mzigo huu?"

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikapandisha sauti ya redio mpaka vikombe vikacheza. Akanitazama, akaipunguza mwenyewe.

"Acha. Hata hiyo siku hizi naipata kwa mbali. Nilikuwa naipandisha nikiifukuzia."

Mkoba wangu ulikuwa bado mlangoni. Nilikwenda kuurudisha chumbani, na hapo mvua ikaanza, matone machache, kisha yote kwa pamoja. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameinamia kikombe, anakoroga chai.

Nikamshika mkono, nikamwinua. Mlango wetu wa nyuma ni wa bati tupu, na mvua ilikuwa inaupiga moja kwa moja. Nikakibandika kiganja chake pale.

Alisimama, amefumba macho, kama anavyofanya kazini.

"Kubwa," akasema.

"Kubwa," nikamjibu, ingawa alikuwa hanitazami.