Pumzi ya Tangi

Asubuhi hiyo Muriuki alifungua chujio la petroli la pikipiki ya maji akakuta ndani yake ndara ya mtoto. Ilikuwa ya bluu, ya mguu wa kushoto, na chujio lenyewe lilikuwa kikombe cha kioo kisichozidi kikombe cha kahawa. Aliitoa kwa koleo, akaikung'uta, akaiweka juu ya gunia pamoja na kifungo cha shati na kitana vilivyotoka siku zilizotangulia. Kisha akasuuza kile kikombe na kukirudisha mahali pake. Alikikaza kwa vidole, maana spana hupasua kioo.

Mashine ilikuwa kuukuu. Ilichoshwa na watalii huko pwani, na ilipokwisha kuchoka ndipo ikatolewa msaada kwa ofisi ya uokoaji ya Garissa, ikapigwa picha na kushangiliwa. Ugonjwa wake ulijulikana na kila mtu aliyefika mtoni. Ikiwa ukingoni iliwaka mara moja na kunguruma kwa majigambo. Ikifika katikati ya Tana ilikohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Ukiiacha itulie iliwaka tena, kama vile haikufanya kitu.

Katika mafuriko yaliyopita, barabara ya kwenda Madogo ilikatika na watu wakawa wanavuka kwa boti. Boti moja ilipinduka. Mwokoaji aliondoka na mashine hiyo kwa kasi, na wote waliokuwa ukingoni waliiona ikizima kabla hajafika. Mwokoaji alipelekwa na maji hadi akashika mti. Waliokuwa botini hawakuonekana tena, wala miili yao. Muriuki aliletwa baada ya hapo kutoka Meru, kwa mkataba, awe fundi na dereva wa mashine. Hakujua kuogelea. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa mvua ilikuwa inanyesha tena huko juu, mto umepanda, barabara imekatika, na mkewe Gatwiri alikuwa anavuka kwa boti kila asubuhi kwenda kufundisha ng'ambo. Muriuki aliogopa. Aliamka na hofu hiyo, akanywa nayo chai, akaja nayo kazini, akafungua nayo sanduku la vifaa.

Injini inayozima ikipewa mzigo mara nyingi ina kiu. Petroli hutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta kwa njia moja tu, na Muriuki aliifuata njia hiyo bila kuruka kituo. Alimwaga petroli yote akaikagua, ilikuwa safi. Aling'oa mipira ya zamani ya kijivu ya kupitishia petroli, akaikuta imeoza kwa ndani na kuwa kamasi ya kijani, akaweka mipya. Alibadilisha koki iliyokuwa inavuta hewa. Alifungua kabureta akaosha wavu wake mdogo, akaipima pampu, ikawa nzima. Kisha akaipeleka mashine majini huku imefungwa kamba za ngamia zilizoungwa, Rage, mlinzi wa lango, akishika ncha nyingine. Ikazima katikati palepale. Rage alimvuta kama ndoo ya kisimani, naye Muriuki akafika nchi kavu.

Rage ndiye aliyeitambua ile ndara.

“Fundi, hii ni ya Maka,” alisema. “Mtoto ya Osob. Kila siku alibita hapa na hii ndara, nikamwambia vaa bizuri, utaanguka.”

Osob alikuwa muuza maziwa ya ngamia, na binti yake Maka alikuwa ndani ya ile boti iliyopinduka. Alikuja na madumu yake ya manjano, akaishika ndara, akainusa, akaificha ndani ya shuka lake.

“Inna lillahi,” alisema. “Na ya mguu mwingine?”

“Bado, mama.”

“Basi nitarudi kesho.”

Tangu hapo watu walikuja baada ya sala ya alfajiri na kuketi kwenye ukuta wa ofisi wakingoja Muriuki afungue chujio. Siku moja ilitoka tasbihi, siku nyingine bakora ya mzee, nzima, na binti wa mwenyewe akaja kuichukua. Sheikh alipoulizwa alisema wafu wale walikwisha kusaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti wasiokuwapo, na kwamba bakora haioshwi wala haivikwi sanda. Wapeleke nyumbani, waombe dua. Wakapeleka. Wakati mwingine walimwachia Muriuki chupa ya chai ya maziwa, naye akaizoea, ingawa tangawizi yake ilimchoma koo.

Mwishowe alibaki na kitu kimoja tu ambacho hakuwa amekigusa. Aliipeleka mashine tena katikati kwa kamba, ikazima, na alipovutwa ukingoni akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta pumzi. Hapo Muriuki akajua. Tangi la petroli lina mpira mwembamba wa kupumulia. Petroli ikitoka, hewa iingie. Hewa isipoingia tangi hujibana, pampu huvuta hadi ikashindwa, na injini hufa njaa juu ya tangi lililojaa. Aliufuata ule mpira hadi chini ya usukani. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyokatwa kwenye gunia la sukari, ikakunjwa vizuri sana na kusokomezwa ndani.

Alipoichomoa, pumzi haikukoma. Tangi lilivuta hewa, likaitoa, likavuta tena, kwa sauti ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Baada ya muda zikasikika pumzi nyingi kwa pamoja, nzito za watu wazima na moja fupifupi ya mtoto. Osob, aliyekuwa bado hajaondoka, aliweka kiganja juu ya bati na kukiacha hapo. Uso wake ulikuwa mtulivu. Muriuki alitaka kukimbia, lakini miguu haikumsikiliza, kwa hiyo akabaki kuwa mwenye adabu.

“Hii kuziba ni ya watu ya maziwa,” Osob alisema akiikunjua ile nailoni. “Gari ikiruka-ruka kwa barabara, maziwa isimwagike. Lakini sisi wa hapa tunakunja mara mbili. Mara tatu ni watu ya Habaswein.”

Ofisini alikuwapo mtu mmoja tu aliyelelewa na muuza maziwa wa Habaswein, naye alikuwa mkubwa wa ofisi, Abdilatif. Hakuwa mtu mbaya. Alilipia karo watoto wa ndugu zake na hakuwahi kumpigia mtu kelele. Muriuki alimpelekea ile nailoni. Abdilatif aliitazama, akatabasamu kidogo.

“Niliweka mimi,” alisema. “Mashine ilikuwa imesimama juani, petroli inaruka na joto, inaisha bila kazi. Mama yangu alikuwa anasema dumu lililozibwa vizuri linafika na kilicho chake.”

“Mkubwa, ndiyo iliyoizima siku ile.”

“Nimekuelewa.”

“Basi tuwaambie.”

Abdilatif aliinuka akafunga dirisha, kwa sababu zile pumzi zilikuwa zinasikika hadi pale.

“Tume ya kuchunguza ile ajali inakuja kuangalia mashine,” alisema kwa upole. “Mimi nimeshawaandikia kwamba ni nguvu ya maji, na kwamba mashine iko jinsi ilivyokuwa siku ile. Wakikuta kuna kitu kimetolewa, watauliza nani amekigusa. Anayegusa mashine ni fundi, walaal, ndugu yangu. Nani mwingine? Irudishe.”

Muriuki aliwaona polisi, aliona pingu, alimwona Gatwiri akimletea chakula mahabusu. Alirudi kwenye mashine, akaikunja nailoni mara tatu, akaisokomeza. Pumzi zilikatika zote kwa mpigo. Osob aliondoa kiganja chake, akamtazama fundi, akabeba madumu yake akaenda zake.

Tume ilikuja ikiwa imevaa maboya mapya ya kuokolea. Mashine ilishushwa majini ukingoni, ikawashwa, ikanguruma kwa majigambo yake ya kawaida. Wajumbe wa tume walisikiliza kwa muda, wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kama inafaa kuipeleka katikati, mwenzake akasema maji yana mamba. Wakaafikiana kwamba mashine haina hitilafu. Walikula mbuzi kwa wali chini ya hema, wakaondoka kabla barabara haijawa mbaya zaidi.

Asubuhi iliyofuata chujio lilitoa kalamu nyekundu.

Familia zilizokuwa ukutani ziliitazama, zikatazamana. Hakuna aliyeidai. Muriuki aliigeuza, akaona plasta nyeupe iliyofungwa kwenye shina, na juu ya plasta herufi ndogo: GATWIRI, STD 6. Alikimbia nyumbani akiwa na mafuta mikononi na kumkuta mkewe akifunga kamba za viatu.

“Ulikuwa nayo jana?” aliuliza.

“Nilikuwa nayo hata usiku, nikisahihisha insha.” Gatwiri aliipokea, akaijaribu kwenye kiganja. Ikaandika. “Imelowa tu. Asante.”

“Leo usivuke.”

“Muriuki.”

“Nakuomba. Vinavyotoka mle ni vya watu waliokwisha kufa.”

“Ninajua. Mji mzima unajua.” Aliitia kalamu mkobani. “Mwalimu mkuu amesema asiyevuka aandike barua ya kuacha kazi. Wenzangu wote wanavuka, na watoto pia wanavuka. Nikikaa nyumbani nitakuwa nimeogopa peke yangu. Wewe si ndiye mwokoaji? Tengeneza mashine yako.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga lango.

Basi Muriuki alirudi mtoni, akaichomoa ile nailoni, akaitia mfukoni. Pumzi zikaanza. Boti ya asubuhi ilipong'oa nanga naye aliondoka, akaenda sambamba nayo, amejifunga maboya mawili, moja juu ya jingine, hadi akashindwa kuinama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na yalibeba miti mizima. Abiria walimtazama kisha wakaacha kumtazama. Chini ya kiti chake tangi lilihema, na ile pumzi fupifupi ya mtoto ilikuwa karibu zaidi na mguu wake wa kulia. Katikati ya mto, mahali ambapo mashine huzima, alifumba macho. Haikuzima. Alipoyafumbua aliuona ukingo wa ng'ambo, na Gatwiri akiteremka botini akiwa amekunja sketi kwa mkono mmoja, akampungia kwa mkoba wake, akapanda mteremko na walimu wenzake.

Aliporudi, Abdilatif alikuwa amesimama ukingoni kwa viatu vyake vya ngozi. Hakuonekana kukasirika.

“Umemvusha mama?”

“Ndiyo, mkubwa.”

“Alhamdulillahi. Sasa irudishe. Watu wanasikia mpaka sokoni, na mashine isiyo na hitilafu haihemi.”

Muriuki aliitoa nailoni mfukoni, akaikunja mara tatu mbele yake. Mtu akishazoea mkunjo, vidole huenda vyenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu wote wa maji. Asubuhi Muriuki alichomoa, akamsindikiza mkewe, akarudi akaziba. Jioni alichomoa, akaenda kumchukua, akarudi akaziba. Abdilatif alikuwa na ubinadamu. Nyakati hizo mbili alifunga dirisha lake na kuongeza sauti ya redio. Boti nyingine zote za mchana zilivuka kati ya hapo, na Muriuki alijua vizuri kwamba ikipinduka mojawapo ataiwasha mashine, itaruka kwa fahari mbele ya macho ya watu wote, nayo itazima palepale. Kuchomoa kungemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini Abdilatif angeona, au angesikia, na kila alipofikiria kupeleka mkono aliona pingu, na mkono ukarudi.

Chujio liliendelea. Ilitoka leso ya mwalimu mwenzake Gatwiri, ambaye aliipokea akiwa hai, akashukuru. Ilitoka filimbi ya nahodha wa boti, ambaye aliipuliza pale pale kujaribu. Watu wa ukutani sasa walikuwa wamechanganyika, waliokuja kuchukua vya marehemu na waliokuja kuchukua vyao, na waliketi pamoja wakinywa chai. Kilichomtisha Muriuki kuliko vyote ni kwamba, kila asubuhi alipofungua kikombe akakuta kitu kisicho cha Gatwiri, moyo wake ulifurahi. Alifurahi kweli, kabla hajatazama ni cha nani.

Siku moja mchana, mto ukiwa umepanda hadi kwenye ngazi ya mwisho ya ofisi, boti ilikuwa inajaza abiria wa Madogo. Nahodha alipakia mahindi, akapakia mbuzi, akapakia watu juu ya mahindi. Osob alifika na madumu yake manne, akasimama penye ubao wa kupandia. Aliyatazama maji. Kisha akamtazama Muriuki, aliyekuwa amekaa juu ya mashine kimya, nayo mashine ikiwa kimya chini yake.

“Fundi!” aliita. “Mashine iko sawa leo?”

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Mkono wa Muriuki ulikuwa juu ya usukani, karibu kabisa na ule mpira.

“Iko sawa, Mama Maka,” alisema.

Osob aliitikia kwa kichwa, akapitisha madumu, akapanda, akakaa.