Mhakiki wa Pili

Kwa miaka tisa Mutinta Hamoonga alikuwa msemaji wa kampuni ya maji ya mji wetu, huku kusini mwa Zambia. Kila tangazo la maji kukatika au kurudi aliliandika yeye. Alipokuwa akisomea shahada ya pili ya uhusiano wa umma, alikusanya matangazo sitini na manne, akayachambua, akaandika makala akidai kwamba lugha yake ya upole imewajengea wakazi imani. Akaituma kwa jarida la wasomi.

Hapo utulivu ukamtoka. Miezi mitatu alichungulia barua pepe hata ibadani. Mimi niliyekaa meza ya jirani nilichoka kuulizwa kama mtandao unafanya kazi.

Jibu lilipokuja, mhakiki wa kwanza wa jarida aliisifu makala. Wa pili, ambaye kwa taratibu za jarida hakutajwa jina, aliuliza swali moja tu: mwandishi amemuuliza nani kama aliyaamini? Mutinta akapewa siku thelathini za kurekebisha.

Alinuna wiki nzima. Jumamosi akabeba madodoso hamsini, akaniomba nimsindikize mtaa wa juu, ambako mabomba hukauka zaidi. Tulianzia kwa Bina Luyando, mama anayeuza chibwantu, kinywaji cha mahindi, mlangoni kwake. Alitujazia vikombe, akasoma swali, akacheka hadi akaweka kata chini.

"Mwanangu, matangazo yenu tunayategemea sana," alisema. "Mkisema maji yanarudi kesho, tunabeba ndoo twende kisimani. Mkinyamaza, tunajua yako njiani."

"Kwa hiyo hamyaamini?"

"Tunaamini kinyume chake. Hayajatuangusha hata siku moja. Hivi nani huwa anayaandika?"

"Mimi, mama."

Bina Luyando alimtazama, kisha akamwongeza kinywaji. "Kunywa basi. Najua umetumwa tu."

Kati ya watu hamsini, arobaini na mmoja walijibu hivyohivyo. Mutinta akaipindua makala yote. Kwenye sehemu ya kueleza maslahi ya mwandishi aliandika na kufuta asubuhi nzima, mwishowe akaacha sentensi moja: matangazo haya niliyaandika mwenyewe. Akaituma, kisha akatoka nje na kulizunguka jengo mara tatu.

Ilipochapishwa, meneja wetu, Bwana Siamunene, alimwita na kumwuliza kama kampuni inayosemwa ni yetu. Akakiri. Nilianza kufikiria nani atakalia kiti chake. Meneja alifunua kurasa, akauliza kama kweli ni arobaini na mmoja, kisha akasema, "Pampu kubwa imekufa tena. Andika tangazo, safari hii kama unavyoona wewe."

Mutinta alihangaika nalo hadi mchana. Mwishowe aliandika kwamba pampu imeharibika na hatujui itatengenezwa lini.

Simu zikaanza kulia papo hapo. Nilipokea ya kwanza. Mzee mmoja alitaka kujua, kwa sauti ya wasiwasi, tulikuwa na maana gani hasa.