Maharage Yasiyo na Maganda

Apolonia alilibana harage kati ya vidole viwili, ganda likachomoka, akalitupa pembeni. Harage lenyewe akalitia kwenye bakuli, akachukua jingine. Watoto wa rika la mwanawe Amos walikuwa wakiguguna mahindi ya kuchoma. Amos, wa mwaka na miezi mitatu, hakuwa na jino hata moja. Chakula chake kilimenywa, kikapondwa.

"Mama Amos, yule babu yako yuko wapi?" aliuliza jirani yake, Saida, akianika nguo. "Kazaliwa kastaafu kabisa!"

Apolonia alicheka kidogo. "Kabebwa na bibi yake. Wanaota jua."

"Jua gani? Nimewapita kwa Tusekile sasa hivi. Bibi kakaa kwenye benchi, anasubiri."

Vidole vya Apolonia vilisimama. Tusekile alikaa mtaa wa pili, hapo hapo Ilomba. Mtoto aliyechelewa kuota meno alipelekwa kwake kupasuliwa ufizi kwa wembe, eti meno yapate njia. Muuguzi wa kliniki alikuwa amewakataza: wengine huchelewa tu, ufizi usiguswe, na kesho wampeleke, daktari wa meno amtazame. Mama mkwe wake, Veneranda, aliyefika juzi kutoka Kilolo, alikuwepo na aliyasikia hayo yote.

Apolonia alitoka mbio, mikono ikichuruzika maji ya maharage.

Alikutana nao kwenye kona. Amos alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, mdomo wazi.

"Kamwene, mama," Apolonia alisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Mbona unahema?"

Apolonia alipitisha kidole polepole kwenye ufizi wa mtoto, juu na chini, kisha akakitazama. Hakukuwa na damu.

"Tusekile hayupo, kaenda msibani," alisema Veneranda. "Binti yake kasema turudi kesho asubuhi."

Apolonia alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni kwake kwa kitenge. Waliporudi nyumbani aliketi na kuendelea kumenya, Amos akiwa bado mgongoni.

"Mshushe alale kitandani."

"Ananipa joto, mama."

"Na jua lote hili?" Veneranda alimtazama usoni. "Unaniogopa."

"Naogopa wembe, mama."

"Mumeo Edmund naye alichelewa. Akapasuliwa, meno yakatoka."

"Yangetoka hata bila kupasuliwa, mama. Yule muuguzi anasema kuchelewa kunafuata ukoo."

Veneranda alivuta kigoda, akaingiza mkono kwenye beseni la maharage, akaanza kumenya. Maganda yalimkatikia vidoleni, hakuwa amezoea.

"Hiyo kliniki yenu inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja. Nataka kumsikia huyo daktari kwa masikio yangu. Akinibabaisha, tunapitia kwa Tusekile."

Apolonia alilikaza fundo la kitenge. Giza lilipoingia, nusu ya maharage ilikuwa bado kwenye maji. Akalifunika beseni kwa ungo. Mengine yangemenywa kesho, wakirudi.