Bei ya Shafti ya Baba

Mume wangu Calist alijua bei ya kila chuma isipokuwa cha baba yangu. Karakana ya shirika ilipofungwa, kiinua mgongo chake hakikuwa pesa. Alipewa mashine ya kukereza vyuma, tukaiweka kwenye banda la kupanga hapa Singida mjini. "Chuma hakiuzwi kwa kilo kama nyama," alizoea kusema. Alihesabu saa za mashine, visu vitakavyoisha, umeme, na vibarua wa kunyanyua. Bei yake ilikuwa ya haki, na wateja walijua.

Soko huria lilikuwa limeingia, kila mwenye vijisenti anafungua kinu cha alizeti. Baba yangu, mzee Bonifasi, alifungua chake Shelui. Shafti yake kubwa, ule mhimili unaozungusha kinu, ilipolika, aliileta kwa lori, wanaume wanane wakaishusha wakihema.

Nilifurahi mno. Mwenye banda alikuwa ametuambia kwamba kodi isipolipwa hadi Jumamosi, anauza mashine. Kazi ile moja ingetuokoa.

Calist alimwamkia baba, akaizunguka shafti, akapima, midomo ikihesabu.

"Haya mkwe, bei gani?" baba akauliza.

Calist akainamisha kichwa. "Aa, baba. Utakachoona."

Nilitamani kupiga kelele. Mkwe hatajiwi bei, ndivyo alivyolelewa. Lakini mwenye banda hakuwa mkwe wetu.

"Laki moja na nusu, baba," nikasema. "Kazi kama hii tulimfanyia mtu wa Ikungi kwa bei hiyo hiyo."

"Emiliana!" Calist alinigeukia, uso umemwiva. "Baba, usimsikilize. Hii ni kazi yako mwenyewe, hata bure nitafanya."

Baba alinitazama mimi, akamtazama yeye. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata akiwa baba yako.

"Mke laki na nusu, mume bure. Nyumba moja bei mbili! Hapa kuna anayenidanganya. Pakieni."

Shafti ikaenda Mwanza. Huko walimtoza laki tatu, akalipa bila kubisha. Alinisimulia mwenyewe baadaye, tena kwa kujisifu. Nimewakasirikia wote wawili mpaka leo. Heshima gani hiyo inayolaza watoto na njaa?

Jumamosi mwenye banda alikuja na wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mjini hakukuwa na mwenye pesa ya kununua mashine nzima. Calist alisimama mbele yao, akataja bei kwa sauti, kichwa juu. Alieleza mota yake inazungukaje, visu vimebaki vingapi, kazi gani inaweza kufanya. Ilikuwa bei ya haki. Walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakatundika mizani, wakaanza kuifungua mashine vipande vipande.

Calist akaenda kuwasaidia kunyanyua kitako cha mashine, kwa sababu hawakujua pa kushika.