Unga Msafi wa Rachadi

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ndivyo walivyosema wanawake wa Mutsamudu, mji wa kisiwani, mwaka ule walipoingia mamluki, askari wa kizungu wa kukodiwa wenye sare nyeusi. Meli ya unga ilitia nanga muda mfupi baada yao, na uvumi ukashuka pamoja na magunia: ati unga umetiwa dawa, watu walegee, asipatikane wa kuinua mkono. Miaka ikapita, wengi wakausahau. Zoubeida hakuusahau. Ulimganda kwa sababu ya tumbo la binti yake.

Moina alizaliwa na mashavu ya kuchumwa. Alipoota meno akapewa kipande cha mkate agugune, ndipo mambo yakageuka. Tumbo likatuna, miguu ikawa njiti, choo chake kikawa cha maji, chenye harufu ya kumtoa mtu chumbani. Kadiri alivyodhoofika ndivyo alivyozidi kupewa mkate uliochovywa kwenye maziwa, maana kwao mgonjwa hupewa kilicho bora, na kilicho bora kilitoka kwa mwokaji.

"Huyo kalishwa unga wa mamluki," wakasema majirani.

Zoubeida, ambaye masomo yake yaliishia shule ya msingi, alimfunga mtoto mgongoni, akashuka vichochoro vya mji wa mawe, akapanda teksi ya watu wengi mpaka hospitali ya Hombo. Daktari alikuwa kijana aliyesomea Dakar, jina lake Mouzaoir. Aliusikiliza uvumi wote mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Mama, hao mamluki wanakula unga huohuo, na umewaona walivyonona," alisema. "Kosa si la aliyeuleta. Ni ngano yenyewe. Ndani ya ngano mna kitu kinachonata kama ulimbo, kinaitwa gluteni. Mimi na wewe hakitudhuru. Matumbo ya Moina yanakiona adui, yanapigana nacho mpaka yanajiumiza yenyewe. Ugonjwa huu unaitwa seliaki. Mashine ya kuuthibitisha hatuna hapa. Tutamwondolea ngano yote, tumtazame."

"Mpaka lini, Daktari?"

"Maisha yake yote."

Muuguzi, Bi Zouhoura, ndiye aliyemfundisha kuishi na neno hilo. Wali, sawa. Muhogo, majimbi, ndizi, shelisheli, samaki, nazi, vyote sawa. Chungu chake peke yake, kijiko chake peke yake. "Na usione haya kumwondoa mwanao kwenye sinia la watu," alimwambia. "Mkono ulioshika mkate ukiingia kwenye wali, wali umekwisha kwake."

Basi yakatokea ya kutokea. Shavu likarudi. Moina akaanza kwenda chuo cha Kurani, akisoma alif na be kwa sauti ya kuwazidi wavulana. Alipenda kukalia kizingiti cha nyumba na kuwauliza wapita njia wamekula nini. "Na wewe je?" wakimuuliza, hujibu, "Mimi? Muhogo! Kila siku muhogo! Nitaota majani."

Kazi ilikuwa kwa watu wazima. Zoubeida alipowaeleza majirani habari za gluteni, walimcheka waziwazi.

"Ngano ni neema ya Mungu, imetajwa Kitabuni. Wewe unaikataza?"

"Muache, ana daktari wa Dakar! Kesho atatuambia maji yana miiba."

Walimcheka hivyo, huku nyuma wakimpenyezea mtoto biskuti. Lakini Zoubeida alipochoka, siku moja akasema tu, "Ni ule unga wa mamluki, shoga, humdhuru," mikono yote ilirudi nyuma kama iliyoguswa na moto. Biskuti zikakoma siku hiyohiyo. Hapo Zoubeida akajua. Neno la daktari lilimletea kicheko, na uvumi ulimletea amani. Akauacha uvumi usimame mlangoni umlindie mwanawe. Mama gani asingeuacha?

Mumewe, Msa, mtu wa Moroni, kisiwa kingine, alikuwa karani bandarini. Dada yake Msa, Rahamatou, alikaa Vouvouni, kusini mwa Moroni, katika nyumba aliyojengewa na kaka zake kama ilivyo desturi. Alipojifungua mtoto wa kiume, Youssoufa, alipatwa na homa kali, hakuwa na wa kumuuguza. Zoubeida akapanda ndege ndogo na Moina, wakafikia Moroni kwa mama mkwe wake, Koko Echat, koko maana yake bibi.

Koko Echat hakuwa mwanamke wa ubaya, na hilo lieleweke. Alimpokea mjukuu kwa machozi, akamnusa shingo, akamwita mke mwenza. Alikuwa na goti baya, safari ya Vouvouni asingeiweza. "Nenda kwa wifi yako," alisema. "Huyu niachie mimi. Mtoto mwenye nguvu hapelekwi kwenye nyumba ya homa."

"Mama, chakula chake..." Zoubeida alianza. "Ule unga, mama. Asiuguse."

"Najua, mwanangu. Habari zenu zilitufikia zamani. Unga ule hauguswi hapa, wallahi."

Wakatazamana, wakaitikiana kwa vichwa. Ulimi wa Zoubeida ulikuwa na neno moja zaidi, ngano, ngano yoyote. Alilimeza. Kulisema kungefungua kicheko kilekile, mbele ya mama wa mumewe, na teksi ilikuwa inapiga honi barabarani.

Asichokijua ni kwamba juu ya kabati la Koko Echat palikuwa na debe jeupe. Koko Echat alikuwa amemwagizia mwanawe mdogo, Rachadi, aliyefanya kazi kisiwa cha Reunion: mwanangu, nitafutie unga ambao mamluki hawajautia mkono, mjukuu wangu hajawahi kuonja keki ya bibi yake. Rachadi akauleta. Bibi yule hakuufungua hata kwa ajili ya wageni wa heshima. Alimwekea Moina.

Homa ya Rahamatou ilikawia kushuka. Zoubeida alimkanda, akamwogesha mtoto, akapika uji wa mchele, na kila mtu kutoka mjini alimpa salamu ileile: Moina hajambo, anakula vizuri kwa bibi yake. Moyo wake ukatulia. Kisha ikaja salamu nyingine kwa dereva wa teksi: mtoto tumbo linamwendesha kidogo, bibi anampa chakula chepesi. Hakusubiri hata kufunga mzigo.

Njiani walizuiwa na kizuizi cha askari. Mzungu mmoja mwenye ndevu, sare nyeusi, alisimama kando ya gari lake akimega mkate mrefu, akiutafuna taratibu huku karatasi za abiria zikikaguliwa. Makombo yalimwangukia kifuani. Zoubeida alimtazama akila, akila tu, mzima kama jiwe, akakumbuka maneno ya Daktari Mouzaoir.

Moina alikuwa amelala kwenye kitanda cha bibi yake. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Pembeni palikuwa na bakuli la mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

"Mama, amekula nini?"

"Chakula kizuri kitupu," alisema Koko Echat. "Alipoanza kuendesha nikamwongezea, apate nguvu. Mwenyewe alikataa kwanza, akaniambia, Koko, mama kakataza unga. Nikamwambia, mama yako kakataza ule wa mamluki, mke mwenza, huu ni wa baba yako mdogo. Akacheka, akala. Keki ile alivyoipenda! Tazama mwenyewe, Zoubeida. Ni safi."

Akalishusha debe jeupe, akalifunua. Unga ulikuwa mweupe, laini, usio na hata mdudu mmoja. Bibi wa watu alilishikilia kwa mikono miwili, akingoja kuambiwa amefanya vyema.

Zoubeida alifungua kinywa. Neno lililohitajika lilikuwa lilelile alilolimeza mlangoni, na sasa lilikuwa limechelewa. Akambeba mwanawe, akatoka.

Hospitali walimtundikia maji, wakafanya walichoweza. Mwili ulikuwa umeishiwa maji na chumvi. Kulipopambazuka Moina aliomba muhogo. "Wa kuchemsha," akasema, "usiokuwa na kitu." Haukuwahi kuiva.

Hakuna aliyegombana. Msa alifika kwa maziko akalia kwenye bega la mama yake. Watu walisema ajali ya Mungu, na wengine walisema, mnaona, mamluki sasa wametia sumu hata unga wa Reunion. Zoubeida alirudi Mutsamudu, akachemsha muhogo kila siku, akauweka kizingitini ukapoa.

Mwaka wa pili, siku moja baada ya alasiri, alisikia mtu akipanda kichochoro polepole, akipumzika kila penye ngazi. Alikuwa Koko Echat na goti lake baya. Hawakuwa wamesemezana tangu maziko. Alikaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

"Youssoufa ameanza kula mkate," alisema. "Tumbo lake linafanana na lile."

Zoubeida akausogeza kando muhogo uliopoa, akaketi naye.

"Safari hii usinionee haya, binti yangu. Mimi ni mjinga, lakini si adui. Niambie lote. Sema hata kama nitacheka."

"Hukucheka wewe, mama. Mimi ndiye niliyeogopa."

Kilio kiliwashika wote wawili, wakakiacha kipite. Kisha Zoubeida akasema mtoto aletwe kwanza Hombo, aonwe na Daktari Mouzaoir. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wa shule ya msingi, kila kitu mstari wake, Rahamatou aibandike jikoni na kila jirani aisikie ikisomwa:

Aepushwe na haya:

Ngano. Unga wake wowote, wa dukani, wa msaada, wa zawadi, wa Reunion, hata ukitoka Makka.

Mkate, keki, biskuti, maandazi, chapati, sambusa.

Makaroni, tambi, semolina.

Shayiri, na uji wake.

Mkate wa sinia wa mchele, kama hujaupika mwenyewe. Wengine hutia konzi ya ngano ushikane.

Mchuzi uliokolezwa kwa unga.

Mafuta yaliyokaangiwa maandazi, hata ukikaangia samaki.

Sinia la watu wanaokula kwa mkate.

Kijiko na chungu cha nyumba nzima.

Kumwongezea mkate akiendesha.

Kumpa kidogo tu kwa kumhurumia.

Kuwaambia watu kuwa ni unga wa fulani. Waambiwe ngano.