Rhonda Hakuanguka

Niliposoma ukurasa wa mswada ambamo Rhonda Prebich anaanguka, niliuweka mezani, nikatoka ofisini kumtafuta mwongozaji wa filamu. Nilimkuta kwenye viti vya watazamaji, anakunywa kahawa katika kikombe changu.

"Hapa mmekosea," nikamwambia. "Rhonda hakuanguka."

Garrett ni kijana wa California anayevaa kofia ya sufu hata akiwa ndani. Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyeonywa kwamba anazungumza na mgonjwa.

"Najua, Bi Elaine. Kanda ya mashindano tunayo, tumeitazama mpaka basi. Lakini hii ni filamu, si taarifa ya habari. Watu wakishaona ulivyoumizwa, hawatakubali kukaa wamtazame yeye anapaa. Watataka aanguke."

"Watu gani?"

"Watazamaji."

"Mimi ndiye niliyevunjwa mguu. Mbona sitaki?"

Akanywa kahawa yangu.

Mimi na Rhonda tulikulia katika uwanja huu huu wa barafu ambao sasa nausimamia. Baba zetu walichimba chuma katika shimo moja. Alfajiri, kabla king'ora cha mgodi hakijalia, sisi tulikuwa tumeshafunga viatu vya kutelezea barafuni, kila mmoja na kona yake, bila kusalimiana. Mwaka tuliofika mashindano ya taifa, mtu alilegeza skurubu zinazoshika kile kisu cha chuma kilicho chini ya kiatu changu. Nikiwa mazoezini kisu kilichomoka, nikatua juu ya kifundo cha mguu, kikavunjika. Aliyelegeza alikuwa mchumba wa Rhonda, jamaa anaitwa Wade. Alikiri na akafungwa. Rhonda alisema hakujua. Nusu ya nchi haikumwamini, na nusu nyingine ikasema mimi nadeka. Shirikisho la mchezo likamfungia maisha, asicheze wala asifundishe.

Lakini Wade alikamatwa baada ya mashindano. Jioni ya mashindano yenyewe Rhonda alicheza. Akaruka mruko wa mizunguko mitatu ambao hakuna msichana wa upande wetu aliyewahi kuuruka mbele ya majaji, akatua. Niliona kwa macho yangu, nimeketi kando na mguu umenyooshwa juu ya kiti. Kwa hiyo nikisema hakuanguka, sisimulii habari za kuambiwa.

"Binti yako anaweza kuuruka?" Garrett akaniuliza mwishoni.

"Anaweza."

"Basi tufanye hivi. Keshokutwa asubuhi tunapiga picha za sehemu hiyo. Akitua, nitautumia kama ulivyo. Asipotua, tunalo anguko letu na hatugombani tena."

Nikampa mkono. Nikachukua na kikombe changu.

Binti yangu Signe ndiye anayeteleza badala ya mwigizaji anayekuwa Rhonda. Najua inavyosikika, na wanawake wa kanisani wameshanisaidia kuisikia. Sababu ni rahisi. Karibu wachezaji wote huzunguka kushoto wakiruka. Rhonda alizunguka kulia, na Signe tangu siku ya kwanza alizunguka kulia. Nilijaribu kumgeuza akiwa mdogo, akakaa chini katikati ya barafu akagoma. Hawa wa filamu walikuja kwanza na msichana wa Denver anayezunguka kushoto, wakidhani wataigeuza picha tu. Wakaigeuza, na matangazo yote ya ukutani yakasomeka kinyume. Ndipo wakamwona Signe.

Nilimweleza tukiwa tunakula chakula cha jioni.

"Yaani Mama umeahidi mruko wangu bila kuniuliza?"

"Nimeahidi."

"Mruko wenyewe unakubali siku ukijisikia. Unajua."

"Najua."

"Na nisipotua?"

"Utaanguka kama walivyoandika. Wataridhika, na wewe hukosi kitu."

Aliisukuma sahani. "Nakosa," akasema.

Hapo nilimpenda zaidi ya kawaida, lakini nikamwambia amalize viazi.

Kesho yake alfajiri tulijaribu, na kila mara aliharibu mahali pale pale, sekunde ya mwisho kabla miguu haijaondoka barafuni. Nilimwambia yote ninayoyajua. Tatizo ni kwamba mimi nazunguka kushoto. Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi kwa mwili wangu, na mwili wake ulikisikia kama vile kuandika kwa mkono usio wake. Baada ya kumwona akianguka mpaka suruali imeloa, nikachukua funguo za gari nikaenda kwa Rhonda.

Rhonda anauza petroli na chambo njia panda ya ziwani. Miaka yote nimejaza mafuta kwingine. Nilimkuta ameinamia pipa, anachota visamaki kwa wavu.

"Torvinen," akasema bila kuinua uso. Bado ananiita kwa jina la baba yangu. "Chambo au petroli?"

"Nataka uje uwanjani."

"Nimefungiwa."

"Umefungiwa na shirikisho. Barafu ni ya mji, na ufunguo ninao mimi."

Akamwaga visamaki kwenye ndoo. "Nimesikia wananiangusha."

"Ndiyo."

"Umefurahi?"

"Ningefurahi ningekuja kukucheka. Nimekuja kukuita."

Sasa ndipo aliponitazama. Amenenepa, nywele zimekuwa za kijivu, lakini macho ni yale yale ya mtu anayetafuta uliposimama vibaya. "Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu niliamka alfajiri ujana wangu wote kwa ajili yako. Nisingeamka kwa ajili ya mtu wa kuanguka. Wakikuangusha wewe, mimi nilikuwa nashindana na nani? Na bisibisi?"

Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile nilijua Wade ana bisibisi mfukoni," akasema. "Sikumuuliza ya nini. Nilichojua ndicho hicho. Hakuna zaidi, hakuna pungufu."

Ningeyasikia maneno hayo nikiwa na miaka ishirini ningemwagia lile pipa kichwani. Nilisimama tu, nikasikiliza friji ya vinywaji ikinguruma.

"Hilo ni baya, na ni lako," nikamwambia. "Mruko nao ni wako. Saa nane mchana, watoto wa shule hawajaja bado."

"Mwanao anazunguka kulia kweli?"

"Kweli."

"Pole," akasema, na nusura acheke.

Alikuja na koti la dukani, linanuka samaki. Alimtazama Signe akiruka na kuanguka, yeye mikono mifukoni.

"Anauogopa ukuta," akasema.

"Signe haogopi kitu."

"Torvinen, nyamaza, huyo ni mwanao, humwoni vizuri."

Na ni kweli, sikuwa nimeona. Mruko ule unauendea kinyumenyume, kwa kasi, kuelekea kona ya uwanja. Ukuta uko mgongoni na huuoni. Ni lazima usubiri, uegemee upande wa nje wa mguu, usubiri tena, ndipo uruke. Signe alikuwa anageuza mguu mapema, kidogo tu, kwa sababu mgongo wake ulimwambia ukuta umefika. Mimi kwa mruko huo sikuwahi kuvuka hapo. Nilidhani ni udhaifu wa goti.

Rhonda alizunguka nje mpaka kwenye ile kona, akasimama nyuma ya ubao wa ukuta wenyewe.

"Njoo kwangu," akamwambia Signe. "Usigeuze shingo. Nikigonga ubao, ruka. Kabla sijagonga usiruke, hata ukihisi umefika Kanada."

Signe hakuondoka. Alinitazama mimi. Mtoto huyu amekua akiuona mguu wangu ukivimba kila baridi ikizidi, na anajua jina la sababu yake. Sasa anaambiwa aende kinyumenyume, kwa kasi yake yote, bila kutazama, kuelekea kwa mwanamke yule yule.

Mwanamke aliyeona bisibisi akanyamaza, leo namkabidhi mgongo wa mwanangu.

"Msikilize," nikasema.

Akaenda. Mara ya kwanza hakungoja, akaanguka.

"Umeruka kwa saa yako," Rhonda akasema. "Saa ninayo mimi. Tena."

Akaanguka tena.

"Unaanguka vizuri. Kama mama yako."

"Mama haanguki," Signe akasema, akijipangusa.

"Sasa haanguki, ana kiti cha ofisi. Tena."

Kabla watoto wa shule hawajafika, alikuwa ametua mara chache, na mara nyingi zaidi hakutua. Rhonda alivuta zipu ya koti. "Miguu anayo," akaniambia. "Iliyobaki ni kuamini. Hiyo siuzi."

Asubuhi ya kupiga picha nusu ya mji ilikuwa kwenye viti, wamevaa makoti ya zamani waliyopewa na watu wa filamu ili wawe watazamaji wa siku ile. Rhonda alipoingia kwa mlango wa pembeni, maongezi yalikatika. Marge wa kanisani, anayeketi mbele kila mahali, alisema kwa sauti ya kusikika, "Una uso wa kuja hapa."

"Nina huu huu mmoja, Marge," Rhonda akasema, akaendelea kutembea.

"Marge," nikasema, "umeitwa kuketi. Keti."

Garrett alinivuta kando. Kofia ilikuwa imempanda nusu ya kichwa. "Huyu ana kazi gani kwenye picha yangu?"

"Anagonga ubao."

"Kugonga ubao?"

"Utasikia."

Muziki ukaanza. Signe, ndani ya gauni jekundu kama lile la Rhonda, alipita mbele ya viti, akageuka, akaanza ule mkunjo mrefu wa kinyumenyume. Aliruka kabla ya kugongewa. Akaanguka chini akateleza mpaka ukutani. Garrett alimgeukia mpiga picha wake, na nilimsikia akisema, "Hilo zuri sana, litunze."

Mara ya pili aliruka kwa wakati lakini akafungua mikono angani, akatoka na mzunguko mmoja wa kitoto. Watu kwenye viti walitazama magoti yao. Signe alirudi mwanzo akipitia kwenye kona ya Rhonda. Sikusikia walichosema. Niliona Rhonda akiitikia kwa kichwa, Signe akiitikia vilevile, kama mafundi wawili wanaokubaliana kuhusu bomba.

Mara ya tatu akaja na kasi kuliko zote. Mkunjo ukarefuka. Ukarefuka mpaka mimi mwenyewe nikainuka, maana kona ilikuwa imeisha, ukuta ule pale, na Rhonda bado mkono juu. Signe hakugeuza shingo. Rhonda akagonga.

Signe akapaa. Alishuka kwa mguu wa kushoto, bega likazama, goti likakunjika chini kabisa, mwili wote ukaegemea kama mti unaopigwa na upepo wa ziwani. Nilijua anaanguka. Hakuanguka. Aliushika mwili ule kwa nguvu za kiuno na kiburi, akateleza nje mguu mmoja, barafu ikiruka vumbi nyuma yake.

Watu walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Marge naye alisimama.

"Safi," Garrett akasema akipiga makofi. "Umetua, nimeona. Sasa mara moja tena, ile iliyonyooka. Nzuri zaidi."

"Wangu haukunyooka," Rhonda akasema kutoka konani.

"Samahani?"

"Bega lilizama. Nusura nile barafu."

"Kanda unayo," nikamwambia Garrett. "Itazame."

Akaitazama pale pale kwenye kioo chake kidogo, sisi tukiwa tumemzunguka. Msichana mwenye gauni jekundu, miaka mingi iliyopita, anashuka, bega linazama, goti linakunjika, na anashikilia. Garrett alirudisha nyuma akatazama tena. Kisha akaweka kanda ya asubuhi ile kando yake. Mwishoni alivua kofia.

"Tunaenda sehemu inayofuata," akawatangazia watu wake.

Signe alikuja ubaoni, anahema, nywele zimemganda usoni. Nilitaka kumkumbatia, lakini ubao ulikuwa kati yetu, kwa hiyo nilimfuta pua kwa mkono wa sweta yangu mbele ya mji mzima. Hakunikataza.

"Mama," akasema, "kwa hiyo yeye alikuwa bora kuliko wewe?"

Rhonda alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Marge alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa mruko huu, ndiyo," nikasema. "Mimi sikuwahi kuuweza."

"Mwambie na ile mizunguko yako ya pale katikati," Rhonda akasema.

"Mwambie wewe."

Alikuna shingo. Nadhani ilikuwa vigumu zaidi kwake kuliko habari ya bisibisi.

"Mama yako alikuwa akisimama pale katikati akaanza kuzunguka, humwoni tena mtu, unaona uzi. Mimi nilikuwa nageukia ukutani nijifanye nafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimeshafungwa. Sikutaka aone namtazama."

"Niliona," nikamwambia. "Ndiyo maana nilikuwa nachelewa kuacha kuzunguka."