Bloki Mbili Juu ya Meza

Bloki mbili za injini zililala juu ya meza ya karakana, zimevuliwa kila kitu. Matundu manne ya silinda katika kila moja yalimkodolea fundi kama macho ya watu waliokuja kudai haki yao na wasio na haraka ya kuondoka.

Wenzake walimwita Sikio. Enzi zake alikuwa akigonga bloki kwa nyundo ndogo na kusikiliza: iliyo nzima huitika kama kengele, yenye ufa hujibu kwa sauti butu. Madereva wa mbio za magari hawakufunga injini bila neno lake. Lakini tangu mdogo wake afe mashindanoni, mwaka wa tisa huu, hakuwa amegonga hata moja. Alitengeneza breki na klachi, basi.

Aliyezileta bloki hizo ni binti wa huyo mdogo wake. Alikuwa dereva kama baba yake, na aliegemea mlango kwa bega moja vilevile kama yeye. Fundi alipomwona asubuhi ile, aliweka spana chini. Binti alimweleza kwamba gari lake litafungwa tabo ya kusukumia hewa kwenye injini, nguvu itakaribia kuwa maradufu, na bloki ya zamani haitahimili. Kati ya hizi mbili, ya aluminiamu ilikuwa nyepesi, gari lingekata kona vizuri. Ya chuma cha kusubu ilikuwa nzito, ila kuta zake zilikuwa nene. Hakujua achague ipi.

Fundi alimshauri aende kwenye karakana zenye mitambo ya kisasa ya kupimia.

"Nimekuja kwako, baba mkubwa," binti alijibu.

Basi fundi akaanza. Alipima unene wa kuta, akaona za ile ya aluminiamu ni nyembamba mno, akaisogeza kando. Ile ya chuma aliipaka mafuta ya taa, akaifuta, akainyunyizia unga wa chaki na kungoja mafuta yachore mstari penye ufa. Mstari haukutokea. Akasema hiyo ndiyo itakayofaa, na uzito wake utarekebishwa kwenye springi.

"Hujaigonga," binti alisema.

Nyundo ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Alipogonga, chuma kiliitika kwa mlio safi uliojaza chumba. Lakini chini yake fundi alisikia mlio mwingine, mkavu, uliokatika kabla ya kuisha. Huo haukutoka kwenye chuma hiki; miaka tisa alikuwa akiusikia: anapooga, anapokula, mtu anapodondosha kijiko jikoni.

"Hii ni nzima," alisema. Angeweza kuishia hapo, na binti angeondoka akimshukuru. "Ile ya baba yako haikuwa nzima. Niliusikia ufa, nikauficha."

Akamsimulia yote, macho sakafuni. Bloki ile aliichagua mwenyewe, akabishana na mafundi wenzake mpaka wakamwachia. Siku aliyoigonga wote walikuwa wamesimama pale, wakisubiri akosee. Mdogo wake alikuwa akicheka, hana wasiwasi. Kwa kuogopa aibu, akasema ni nzima. Katika mzunguko wa tatu ilipasuka, mafuta yakamwagikia magurudumu, gari likateleza. Msibani watu walimpa pole, naye akazipokea kama mfiwa mwingine yeyote.

Binti hakulia. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa silinda, taratibu, mpaka akazunguka wote.

"Mama anajua?"

Fundi akatikisa kichwa. Binti akachukua funguo zake na kuondoka, bloki akaziacha.

Siku tatu zilipita. Fundi alizifunika bloki kwa turubai, lakini hakuweza kufanya kazi akiwa amezipa mgongo. Aliamini binti hatarudi tena, na aliona ni haki yake.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, gari lilisimama getini. Binti akaingia peke yake.

"Ile ya chuma utanifungia wewe," alisema. "Lakini kwanza kuna mtu anataka kuyasikia kwa kinywa chako."

Kupitia dirishani fundi alimwona shemeji yake, mjane wa mdogo wake, ameketi kiti cha mbele, akitazama mbele tu. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga uwanja wa karakana ile. Mlango wa gari haukufunguka.

Fundi alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, grisi ya kwenye kucha isitoke. Akatoka hivyohivyo, mikono ikichuruzika maji, akatembea hadi kwenye gari na kuinama.  Kisha kioo kikaanza kushuka.